Kutoa sukari kwenye mabua ya mpunga, ngano na mahindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uzito wa mabua unaotajwa hapa ni uzito mkavu, isipokuwa pale tuliposema vingine. Hesabu nyingi zinazotufikia zikiwa na kasoro zimeharibika hapo: mtu amepima mabua yenye maji kana kwamba yote ni mabua.

## Mambo ya msingi

1. Kama mabua yana sukari, mbona ukiyatafuna hayana utamu?

Sukari imo, ila imefungwa. Mabua ya mpunga yana selulosi kiasi cha asilimia 32 hadi 38, hemiselulosi asilimia 19 hadi 25, lignini asilimia 10 hadi 18, na majivu asilimia 12 hadi 20, ambayo mengi ni silika. Ngano na mahindi hazipishani sana na mpunga kwa selulosi na hemiselulosi, lakini majivu yake ni machache, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10.

Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Hemiselulosi ya nafaka imejengwa kwa sukari za aina nyingine: zailosi zaidi, na arabinosi kidogo. Lignini si sukari kabisa. Ndiyo gundi inayolipa bua ugumu wake na kuwazuia wadudu na kuvu wasilile. Kazi yote inayoelezwa hapa ni kuivunja gundi hiyo na minyororo hiyo bila kuiunguza sukari yenyewe.

2. Kimea huigeuza wanga kuwa sukari. Kwa nini hakifanyi kazi kwenye mabua?

Wanga na selulosi zote zimejengwa kwa glukosi, ila namna ya kuunganishwa ni tofauti. Vimeng'enya (protini zinazokata molekuli kubwa) vya kimea cha ulezi au mtama (amilasi) vinakata kiungo cha wanga pekee. Kwenye selulosi kila glukosi imegeuzwa kichwa chini kwa jirani yake, minyororo ikanyooka na kulala pamoja kama fito zilizofungwa kwa kamba. Amilasi haipati pa kushika. Kinachotakiwa ni selulasi, kimeng'enya kinachokata selulosi (swali la 13).

Ukinunua vimeng'enya, soma lebo mara mbili. Vinavyouzwa kwa viwanda vya bia na mikate mara nyingi ni amilasi. Selulasi iliyomo kwenye sabuni za kufulia nayo haikufai: imetengenezwa kwa maji ya sabuni yenye pH ya juu, na kazi hii inafanyika kwenye pH 5.

3. Je, pumba za mpunga ni sawa na mabua?

Hapana. Maganda yanayotoka mashine ya kukoboa yana silika na lignini nyingi zaidi, na hutoa sukari kidogo kwa kemikali ileile. Afadhali yaende kwenye tanuri la matofali au boila. Pumba laini zenye unga zina wanga na mafuta. Hizo ni chakula cha kuku na nguruwe.

4. Hatua ni zipi, kwa kifupi?

Kukusanya na kukausha, kukatakata, maandalizi ya awali kwa kemikali au mvuke, kuosha au kusawazisha pH, kuvunja selulosi kwa vimeng'enya, kuchachusha, kukeneka. Hatua ya tatu ndiyo inayoamua zilizobaki.

## Malighafi

5. Mabua yawe makavu kiasi gani, na nitayatunzaje?

Marobota yawe na unyevu chini ya asilimia 15. Yakizidi hapo kuvu huanza kula hemiselulosi, yaani sukari yako, na rundo hupata joto ndani kwa ndani. Rundo kubwa lililofungwa likiwa bichi linaweza hata kujiwasha. Penyeza fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache kwa nusu saa, kisha uitoe na kuishika: ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, lifumue rundo siku hiyohiyo.

Yaweke juu ya chaga au magogo, yasigusane na ardhi, na paa liwe na mwinuko. Mabua yaliyoloweshwa na mvua kisha yakakauka bado yanafaa kama hayajaota ukungu. Mvua huyaosha hata baadhi ya potasiamu na klorini, na kwa anayetaka kuyachoma boila hilo ni jambo jema.

6. Udongo kidogo una madhara gani?

Makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mchanga hula visu vya mashine ya kukatia, hutuama chini ya pipa na kuziba mabomba. Udongo wenye chokaa humeza asidi uliyoiweka kwa ajili ya mabua. Isitoshe, unapima "kilo moja ya mabua" kumbe gramu 80 ni ardhi ya shambani.

Kata bua juu kidogo, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na usiburute marobota. Kipimo rahisi: choma gramu 2 za mabua yaliyosagwa kwenye tanuri la maabara la nyuzijoto 575 kwa saa tatu au zaidi, mpaka uzito usibadilike, kisha upime kilichobaki. Ngano ikikuachia majivu asilimia 15, hayo si majivu ya ngano.

7. Niyasage mpaka yawe unga?

Usifanye hivyo. Kusaga laini kunakula umeme mwingi, na unga unaganda kama ugali unapotiwa maji. Kwa majaribio ya mezani, yapite kwenye chekecheke ya milimita 2. Kwa mvuke au pipa kubwa, vipande vya sentimita 1 hadi 3 vinatosha.

## Maandalizi ya awali

8. Kwa nini nisiweke vimeng'enya moja kwa moja?

Jaribu mara moja uone: baada ya siku tatu utapata sehemu ndogo tu ya glukosi iliyomo, mara nyingi chini ya robo. Kimeng'enya ni molekuli kubwa, na vitundu vya bua bichi ni vidogo mno. Maandalizi huvipanua.

9. Nichague njia gani: kostiki, asidi au mvuke?

*Kostiki soda* (hidroksidi ya sodiamu) huyeyusha lignini na silika na kuacha selulosi pamoja na sehemu kubwa ya zailani, yaani minyororo ya zailosi iliyomo kwenye hemiselulosi. Kwa mpunga ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza: haihitaji joto kubwa, na matokeo yake hayayumbi. Ubaya wake ni maji meusi (swali la 11).

*Asidi ya salfuriki hafifu* hufanya kinyume: huvunja hemiselulosi ikawa zailosi ndani ya maji, na kuiacha lignini pamoja na selulosi. Mezani hutumika asilimia 1 kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha maabara) ya nyuzijoto 121 kwa saa moja. Viwandani ni karibu nyuzijoto 160 kwa dakika chache. Inahitaji chuma kinachostahimili kutu, na huzalisha sumu za hamira (swali la 12).

*Mvuke wa kulipua* ni mabua kupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 180 hadi 210 kwa dakika 5 hadi 15, kisha shinikizo kuachiwa ghafla. Viwanda vikubwa vingi vilichagua njia ya jamii hii kwa kuwa kemikali yake ni kidogo au haipo. Si ya kujaribiwa na pipa la kuchomelea mtaani: katika nyuzijoto 200 mvuke uko kwenye baa 15 hivi, na pipa likipasuka linaua.

Joto na muda hubadilishana. Wataalamu huvipima pamoja kwa fomula ya ukali: log ya [dakika × e^((joto − 100)/14.75)]. Nyuzijoto 190 kwa dakika 10 hutoa 3.65. Ukipunguza joto kwa nyuzi 10, ongeza muda karibu mara mbili ili ubaki palepale.

10. Nipe hatua za kostiki kwa gramu 100 za mabua.

Vaa miwani ya kukinga macho na glovu ndefu. Pima gramu 15 za kostiki, uzitie polepole kwenye lita 1 ya maji baridi huku ukikoroga. Kostiki huenda kwenye maji. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Tumia chombo cha chuma cha pua au kioo kinachostahimili moto. Sufuria ya alumini hapana: kostiki huila na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Tia mabua, yabonyeze yalowe yote. Weka kwenye otoklevu nyuzijoto 121 kwa dakika 60. Kama huna otoklevu, yaache kwenye maji ya nyuzijoto 85 hadi 90 kwa saa tatu, chombo kikiwa kimefunikwa. Maji yatakuwa meusi kama kahawa nzito, na mabua yatalegea. Ukiyasugua kati ya vidole vyenye glovu yanachambuka nyuzinyuzi. Yakiwa bado yanakatika kwa mlio, hayajaiva.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kizito, ukamue, uoshe kwa maji safi mara tano hadi saba mpaka pH ishuke karibu na 7. Usiyakaushe. Bua lililoandaliwa likikauka vitundu hujifunga, na vimeng'enya hukosa tena pa kuingilia. Lihifadhi likiwa bichi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, ukichukua gramu 5 tu za kukausha kwa nyuzijoto 105 ili ujue unyevu.

Tarajia kubaki na gramu 55 hadi 65 kavu. Ukibaki na 85, kemikali haikupenya. Ukibaki na 40, ama umepika mno, ama nyuzi zimetoka na maji ya kuoshea.

11. Maji meusi niyamwage wapi?

Si mtoni na si kwenye mfereji wa umwagiliaji. Yana pH ya 12 hadi 13 na uchafu unaomaliza oksijeni ya samaki. Yanaweza kutumika tena kwa mkupuo wa pili ukiongeza nusu ya kostiki ya awali. Baada ya hapo huwa mazito mno.

Kwa mpunga kuna mtego mwingine. Silika iliyoyeyuka hubaki kwenye maji pH ikiwa juu, ila ikishuka chini ya 10 hivi huanza kuganda kama uji wa wanga. Ukiitia asidi ndani ya bomba, bomba limekwisha. Sawazisha kwenye ndoo pana, acha itulie, chuja tope, ndipo uyapeleke kwenye mtambo wa gesi ya samadi kidogokidogo.

12. Maji yametoka ya kahawia na yananukia kama lozi. Kuna shida?

Harufu hiyo ni ya furfurali, inayozaliwa zailosi inapopikwa kupita kiasi kwenye asidi. Glukosi nayo hutoa hidroksimethili-furfurali. Asidi ya asetiki huja hata ukipika vizuri, kwa kuwa imefungwa ndani ya hemiselulosi tangu mwanzo. Furfurali ikifika gramu 1 hadi 2 kwa lita, hamira huchelewa kuanza. Ikizidi zaidi inaweza isianze kabisa.

Kwanza punguza joto au muda. Ikishindikana, tumia chokaa: pandisha pH hadi 10, weka nyuzijoto 50 kwa nusu saa, chuja, kisha rudisha pH hadi 5.5 kwa asidi ya salfuriki. Utapoteza sukari kidogo, kwa hiyo usiifanye iwe desturi.

## Vimeng'enya

13. Selulasi hutoka wapi, na ninahitaji kiasi gani?

Nyingi hutoka kwa kuvu aitwaye *Trichoderma reesei*. Alipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akila mahema na vifaa vya pamba vya jeshi la Marekani. Jina lake linamuenzi Elwyn Reese, aliyemchunguza kwenye maabara ya jeshi pamoja na Mary Mandels. Kilichokuwa adui wa turubai kikawa mfanyakazi mkuu wa tasnia hii.

Anza na miligramu 20 za protini ya kimeng'enya kwa kila gramu ya selulosi, au vipimo 15 hadi 20 vya karatasi ya kuchujia ikiwa lebo inatumia kipimo hicho. Kumbuka ni kwa gramu ya selulosi, si ya mabua. Hakikisha mchanganyiko una beta-glukosidasi, inayokata jozi za mwisho za glukosi, na zailanasi, inayokata zailani, kama umetumia kostiki.

14. Joto, pH na muda?

Nyuzijoto 50, pH 4.8 hadi 5.0, saa 72. Bafa ya sitrati, yaani maji yanayoizuia pH isiyumbe, hutengenezwa hivi: gramu 10.5 za asidi ya sitriki yenye molekuli moja ya maji kwenye mililita 900 za maji, pandisha pH hadi 4.8 kwa kostiki, jaza hadi lita 1. Anza na asilimia 5 ya mabua kavu, na koroga au tikisa muda wote.

Nyuzijoto 55 zikipita kwa muda mrefu, kimeng'enya hufa, na kupoza hakukifufui. Kipimajoto cha bei rahisi kinachokosea kwa nyuzi 6 kimeharibu kazi nyingi.

15. Sukari ilipanda siku ya kwanza, kisha ikagota. Kwa nini?

Pima pH kabla ya kitu kingine. Ikiwa imepanda, hukuosha kostiki yote. Ikiwa imeshuka chini ya 4.5 na kuna harufu ya maziwa mgando, bakteria wa asidi ya laktiki wanakula sukari yako. Wapo wanaostawi vizuri kwenye nyuzijoto 50. Chemsha vyombo na bafa, na uanze upya.

Kama pH iko sawa, fikiria glukosi yenyewe: inapolimbikizana huvibana vimeng'enya. Ndiyo maana wengine huvunja na kuchachusha kwenye pipa moja, hamira ikiiondoa glukosi inapozaliwa. Hapo joto hushushwa hadi nyuzijoto 35 hivi, mapatano kati ya hamira na kimeng'enya. Sababu ya mwisho ni lignini iliyobaki, inayovinasa vimeng'enya; rudi swali la 10.

16. Kipimo cha DNS (kemikali ya kupimia sukari kwa rangi) kinanipa zaidi ya asilimia 100 ya sukari iliyomo. Inawezekanaje?

Haiwezekani, kipimo kimedanganywa. DNS hubadilika rangi kwa sukari yoyote yenye ncha huru, zailosi ikiwemo. Vimeng'enya vya chupani navyo huja na sukari ya kuvihifadhi. Weka chupa ya kulinganishia yenye bafa na kimeng'enya bila mabua, na nyingine yenye mabua bila kimeng'enya, kisha utoe zote mbili. Ukitaka kutenganisha glukosi na zailosi, tumia kromatografia. Mita ya sukari ya wagonjwa wa kisukari yaweza kuonyesha mwelekeo tu.

## Uchachushaji

17. Hamira ya mkate inatosha?

Kwa glukosi, ndiyo. Gramu 1 hadi 2 kavu kwa lita, nyuzijoto 30 hadi 32, pH 5 hadi 5.5, na gramu 0.5 ya urea kwa lita kama chakula chake. Ziba chupa kwa mpira wenye kijibomba kinachoishia ndani ya maji.

Pima chupa kwenye mizani kila baada ya saa sita. Gramu 100 za glukosi huwa pombe gramu 51 na hewa ya kaboni gramu 49, kwa hiyo uzito uliopotea unakaribia sana uzito wa ethanoli (ndiyo pombe hiyo) iliyozaliwa. Kwa anayeanza hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hiki.

18. Na zailosi?

Hamira ya mkate haiigusi. Kuna *Scheffersomyces stipitis*, anayeila kiasili akipewa oksijeni kidogo sana, na kuna hamira zilizofanyiwa uhandisi wa jeni. Nancy Ho wa Chuo Kikuu cha Purdue alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika miaka ya 1990. Bakteria *Zymomonas mobilis*, anayepatikana kiasili kwenye tembo la mnazi na pombe za jamii hiyo, naye alipewa jeni za kula zailosi.

19. Naweza kunywa au kuuza kama kinywaji?

Usithubutu. Furfurali na mabaki mengine hukeneka pamoja na pombe, na hakuna aliyeyapima kwa ajili ya mwili wa mtu. Isitoshe, kukeneka bila leseni ni kosa Kenya na Tanzania, hata kwa majaribio.

## Hesabu na biashara

20. Tani moja ya mabua hutoa lita ngapi?

Chukua selulosi asilimia 35 na zailani asilimia 22. Maji yanayoingia kwenye mnyororo huongeza uzito: zidisha selulosi kwa 1.11 na zailani kwa 1.136. Upeo ni glukosi kilo 389 na zailosi kilo 250.

Ukipata asilimia 80 ya glukosi na kila gramu ikatoa 0.46 ya ethanoli, una kilo 143, sawa na lita 181. Ukipata asilimia 70 ya zailosi kwa 0.40, unaongeza kilo 70, lita 89. Jumla lita 270, zailosi ikiwa theluthi moja. Asiye na wa kuila zailosi ameacha theluthi hiyo chini.

21. Pombe yangu ina asilimia 1.2 tu. Nimekosea wapi?

Hukukosea; umetumia maji mengi. Gramu 60 za mabua yaliyoandaliwa kwenye lita 1.2 hutoa glukosi karibu gramu 24 kwa lita. Kukeneka huanza kulipa pombe ikifika asilimia 4 hivi, na hapo unahitaji mabua asilimia 15 hadi 20. Usiyatie yote kwa mpigo. Anza na asilimia 8, subiri yalainike kwa saa kadhaa, ongeza, subiri tena.

22. Kama inawezekana, viwanda viko wapi?

Vimejengwa, na vingi vimeumia. Kile cha Crescentino, Italia, kilifunguliwa 2013 na kusimama 2017 kabla ya kupata mmiliki mwingine. Marekani vilifuatana Hugoton na Emmetsburg mwaka 2014, na mji wa Nevada, jimbo la Iowa, mwaka 2015. Hakuna kilichodumu kama kilivyopangwa. Cha Podari, Romania, cha mabua ya ngano, kilikamilika kujengwa 2021 na kufungwa baada ya miaka miwili hivi. Panipat, India, kiwanda cha mabua ya mpunga kilizinduliwa Agosti 2022, kwenye ukanda ambako moshi wa mabua huifunika Delhi kila msimu.

Kwa maoni yetu kilichowaangusha wengi hakikuwa baiolojia. Ni marobota yenye mawe, parafujo za kulishia zilizoziba, na bei ya vimeng'enya dhidi ya mafuta ya petroli. Afrika Mashariki kuna mshindani mwingine: molasi, ambayo tayari ni sukari, kama inavyotumika Muhoroni, Kenya. Palipo na molasi ya kutosha, ethanoli ya mabua haitashinda kwa bei.

23. Ni ethanoli tu?

La. Furfurali ilianza kutengenezwa kibiashara kutokana na maganda ya oti huko Iowa, Marekani, miaka ya 1920. Zailosi huongezwa hidrojeni ikawa zailitoli, kitu cha kutia utamu kwenye ubani. Glukosi inaweza kuwa asidi ya laktiki ya kutengenezea plastiki, au asidi ya saksiniki. Kwa mtambo mdogo, bidhaa ya bei ya juu kwa kilo ni matumaini ya kweli zaidi kuliko mafuta ya gari.

24. Nikiondoa mabua yote, shamba litadhurika?

Ndiyo, polepole. Tani moja ya mabua ya mpunga hubeba potasiamu kilo 12 hadi 17. Acha sehemu shambani, au rudisha majivu ya lignini iliyochomwa.

25. Sina maabara wala otoklevu. Mabua yangu yafae nini?

Mlishe ng'ombe, kwa kemia ileile. Yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 50 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua tabaka kwa tabaka, kanyaga, funika kwa plastiki bila mwanya kwa siku 21. Urea hutoa amonia, na amonia hulegeza bua kama kostiki. Vimeng'enya ni vya vijidudu wa tumbo la ng'ombe. Fungua, yapepee kwa siku nzima mpaka harufu kali iishe, na ulishe kidogokidogo mwanzoni. Usimpe punda, wala ndama wa chini ya miezi sita, na usiache ndoo ya maji ya urea mahali mnyama anapoweza kuinywa: inaua ndani ya saa chache.